Mzigo wa Mwindaji

Msomaji mpenzi, mzigo hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza ni ile ya dukani, yenye sahani na mawe ya chuma. Ya pili ni bega la mtu apandaye mlima. Mizani ya dukani husema neno lile lile asubuhi na jioni. Bega halina desturi hiyo. Kitu ambacho alfajiri kilikuwa ratili moja, saa sita mchana huwa ratili tano, na karibu na kilele huwa adui. Ndiyo sababu kila aliyepata kupanda mlima huusifu mzigo mwepesi, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini wepesi nao una hila zake. Mimi nilihadaiwa nao nilipokuwa na umri usiopita wako, na aliyelipa gharama ya hadaa hiyo hakuwa mimi. Habari hiyo ndiyo nitakayo kukusimulia.

Nilizaliwa Nzaui, katika Makueni. Siku za utoto wangu Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Ilitengwa kuwa wilaya mwaka 1992, na sasa ni kaunti. Mama yangu alitoka ng'ambo ya mto Athi, katika Kitui, chini ya milima ya Mutitu. Makueni na Kitui ni nchi za watu wamoja, Wakamba, na hali zake hufanana: vilima vya mawe, mabonde ya mchanga, mvua za miezi michache, na mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia nyeupe zisizo na tone juu yake. Maji yamo chini ya mchanga. Ajuaye pa kuchimba hunywa. Asiyejua huweza kufa kwa kiu juu ya maji. Katika nchi ya namna hiyo, kuchagua cha kubeba na cha kuacha si jambo la starehe. Ni elimu, tena elimu ya kale.

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mwindaji, kama walivyokuwa wazee wengi wa rika lake. Aliwinda pimbi na mbuzi mawe katika majabali ya Mutitu. Usidhani kwamba mwindaji wa aina hiyo aliingia mlimani na chochote kilichokuwa karibu na mkono wake. Kila chombo chake kilikuwa kimechaguliwa na vizazi vingi kabla yeye hajazaliwa.

Mkononi alishika upinde. Waata, majirani zetu wa upande wa pwani, walikuwa na pinde kubwa na ngumu, ambazo mtu asiyezizoea alishindwa kuzivuta, kwa maana windo lao la fahari lilikuwa ndovu. Upinde wa Mkamba ulikuwa mwepesi kuliko huo. Haukudai nguvu nyingi, kwa sababu kazi ya kuua haikuachiwa upinde peke yake. Mshale ulipakwa sumu iliyotokana na mti tuuitao kivai, na sumu hiyo huushika moyo wa mnyama. Basi ujuzi wa mti mmoja uliupunguza uzito wa upinde.

Begani alitundika podo la ngozi. Ndani yake mlikuwa na mishale, lakini si mingi kama ungedhani. Chembe cha mshale, pamoja na kijiti kifupi kilichopakwa sumu, kilichomekwa katika ncha ya ufito bila kufungwa. Mnyama alipopigwa, chembe kilibaki mwilini mwake na ufito ukaanguka. Mwindaji akauokota, akautia chembe kingine. Hivyo mtu aliweza kubeba fito chache na vyembe vingi, na vyembe havichukui nafasi. Kila chembe kilikuwa na alama ya mwenyewe, ili mnyama akifia mbali asigombaniwe. Sumu ilizungushiwa ukanda wa ngozi laini, isikauke na isimguse mtu. Katika podo hilo hilo mlikuwa na upote wa akiba, yaani uzi wa upinde, pamoja na vijiti viwili vya kupekechea moto. Kiunoni palikuwa na sime. Mwilini palikuwa na shuka moja, nayo ilikuwa nguo mchana, blanketi usiku, na mfuko wa nyama wakati wa kurudi. Mgongoni palikuwa na mkoba mdogo wenye unga wa mawele, nyama kavu na kipande cha sega la asali. Mwisho wa yote palikuwa na kibuyu cha maji. Nakitaja mwisho kwa makusudi, maana hicho ndicho kitakachotuweka katika habari hii.

Hekima ya kubeba hivyo haikuwa ya Wakamba peke yao. Mwaka 1991 watu waliokuwa wakitembea katika milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, waliiona maiti imetokeza katika barafu. Wataalamu walipoichunguza walitambua kuwa ni ya mtu aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita, naye akapewa jina la Ötzi. Vyombo vyake vilikuwa vimehifadhika pamoja naye: shoka la shaba, kisu kidogo cha jiwe, upinde ambao hakuwa amemaliza kuuchonga, na podo la ngozi lenye fito kumi na mbili na mishale miwili tu iliyokuwa tayari. Alikuwa pia na vyombo viwili vya gome la mti, na kimoja kilikuwa na alama za makaa yaliyofungwa ndani ya majani. Alibeba moto wake, kama babu alivyobeba vijiti vyake. Watu hawa wawili wasingaliweza kusemezana neno moja, lakini nadhani kila mmoja angalilifungua podo la mwenziwe, angalijua kwa haraka matumizi ya vilivyomo.

Sasa nije kwangu. Mwaka 1966, mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, nilitumwa Kitui kwa babu. Nilikuwa darasa la saba, nami nilikuwa katika umri ule ambao mtu hujiona anajua mambo mengi kuliko waliomzaa. Babu aliniambia kwamba angepanda mlima kwa muda wa siku mbili, na kwamba ningeweza kumfuata kama ningebeba mzigo wangu mwenyewe. Usiku ule niliufunga mzigo. Naona haya kuvitaja vilivyokuwamo: sufuria, sahani ya bati, kikombe, kandili na chupa ya mafuta ya taa, blanketi zito, viatu vya pili, na kitabu cha hesabu. Kitabu hicho sikukusudia kukisoma. Nilitaka watu wa kwa mjomba wanione kuwa ni mwanafunzi.

Babu hakucheka. Alitandika ngozi, akamwaga kila kitu juu yake, akaanza kukiinua kimoja kimoja.

"Hii ina kazi gani?" akauliza, ameshika sufuria.

"Ya kupikia, babu."

"Na nini tena?"

Sikuwa na jibu. Akaiweka kando, akashika kandili.

"Na hii?"

"Ya kutuangazia usiku."

"Mlimani usiku ni wa kulala, mjukuu wangu. Anayelala aangaziwe nini?"

Alipomaliza palisalia vitu vitano: shuka yangu, kisu, mfuko wa unga, kamba ya katani, na kibuyu. Kisha akanipa kanuni: "Kitu kisichojua kazi mbili hakipandi mlima." Nilifurahi sana kulisikia neno hilo. Nililihifadhi kama tulivyohifadhi kanuni za hesabu shuleni, yaani bila kuuliza limetoka wapi wala mpaka wake ni upi.

Kisha babu alijaza maji vibuyu viwili, kimoja chake na kimoja changu. Kila kimoja kilichukua kiasi cha galoni moja, na galoni moja ya maji ina uzito wa ratili kumi, yaani kilo nne na nusu. "Juu liko shimo la jabali linaloshika maji ya mvua," alisema. "Lakini huu ni mwezi wa nane, wala sijui kama jua limetubakizia kitu."

Tulitoka kabla ya mapambazuko. Jua lilipochomoza, kamba ya kibuyu ilikuwa imekwisha lichubua bega langu. Babu, aliyekuwa amepita miaka sitini, alikuwa mbele akipanda bila kuhema. Nikaona aibu. Ndipo nilipoanza kufikiri, na fikira zangu zilikuwa nzuri kwa sura. Kitu kisichojua kazi mbili hakipandi mlima. Kisu kina kazi nyingi. Shuka ina kazi tatu. Kazi za kamba hazina hesabu. Kibuyu je? Kibuyu kina kazi moja tu, nacho ni kizito kuliko vyote vilivyosalia. Tena babu anacho chake, na juu kuna shimo la maji. Basi kwa kanuni ya babu mwenyewe kibuyu changu hakikustahili kupanda. Nikabaki nyuma kidogo, nikakificha chini ya mgunga, kando ya jiwe kubwa jeupe, nikakifunika majani, kisha nikamfuata babu mbio.

Babu aligeuka, akaniona naja kwa furaha. "Sasa unaanza kuwa mwindaji," akasema. Maneno yale yaliniingia kama asali, na kwa sababu ya utamu wake sikumwambia kitu.

Adhuhuri tulipumzika kivulini. Babu akanyosha mkono akitaka kibuyu changu kwanza. Desturi yake ilikuwa kuanza kunywa maji ya aliye mdogo, ili mzigo wa mdogo upungue mapema. Nikajibu kwamba nimekisahau nyumbani. Alinitazama kitambo, asiseme neno. Kisha akafungua kibuyu chake, akanipa, nikanywa mpaka nikatosheka. Yeye alitia kinywani funda moja, akakiziba.

Jioni tuliliona shimo la jabali. Ndani mlikuwa na tope lililopasukapasuka, na juu ya tope nyayo za nyani waliotutangulia kufika na kurudi na kiu yao. Usiku ule babu aliniamsha mara mbili kuninywesha. Sikumwona akinywa.

Alfajiri ya siku ya pili mbuzi mawe alisimama juu ya jabali, hatua thelathini hivi kutoka mahali tulipojilaza. Babu alikuwa ameweka mshale tayari. Aliuvuta upote kidogo, kisha akaulegeza, akaurudisha mshale podoni. Mnyama alitutambua, akaruka, akapotea. Nikamwuliza babu kwa nini hakupiga.

"Mnyama aliyepigwa hukimbia," akajibu. "Huenda akaanguka hapa karibu, huenda akaanguka bonde la pili. Mwenye maji humfuata. Asiye na maji humwua bure, akaliwa na fisi. Kumwua mnyama bure ni deni, nami sitaki kulirithisha."

Nyumbani nyanya alikuwa akiingoja nyama hiyo. Nilijua, kwa sababu nilimwacha akikisugua chungu.

Tukaanza kushuka. Jua la siku ile lilikuwa kali, na mawe yalirudisha joto usoni petu. Babu, ambaye siku zote alitangulia, sasa alifuata nyuma. Hatua zake zilikuwa fupi, na mara mbili aliushika mti apate kusimama. Kibuyu kilikuwa kimebaki na mafunda mawili au matatu. Alinipa, nikayanywa, wala sikumwuliza yeye angekunywa nini. Katika mambo yote niliyoyafanya siku zile mbili, hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote, hata kuliko uwongo wenyewe. Saa saba hivi aliketi chini ya mti, akasema kwamba angepumzika kidogo. Sauti yake ilikuwa kavu kama jani lililokanyagwa. Kisha alinyamaza, akanitazama kama mtu amtazamaye mgeni.

Msomaji, nilijua kilipo kibuyu. Nilikimbia, nikaanguka, nikainuka, nikakimbia tena, mpaka nikaliona lile jiwe jeupe. Kibuyu kilikuwa pale pale chini ya majani, kimejaa kama nilivyokiacha. Nikakitwaa, nikapanda nacho kwa mbio mahali ambapo siku iliyopita nilipanda kwa kuburura miguu. Hakuna tone lililokuwa limepungua, lakini sikuusikia uzito wake hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba mizani ya bega huweza kugeuka, na kinachoigeuza ni moyo.

Nilimnywesha babu kidogo kidogo. Nililowesha pembe ya shuka, nikampangusa uso na shingo. Jua lilipoinama alipata nguvu ya kuketi. Akakitwaa kibuyu, akakizungusha mikononi, akakitazama kizibo.

"Kibuyu kilichosahauliwa nyumbani," alisema polepole, "kimeijuaje njia ya huku?"

Nikapiga magoti, nikamwambia yote, pamoja na habari ya kanuni. Hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kanuni niliyokupa ni ya vitu ambavyo ukiviacha, utakayepungukiwa ni wewe. Maji si hivyo. Ulipokitua kibuyu hukuutua mzigo, mjukuu wangu. Ulinitwika mimi."

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi na kufundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, na kila nisomapo habari za wasafiri na wawindaji hutafuta jambo moja: kile ambacho mtu fulani hakukibeba, kilikuwa mgongoni mwa nani?

Katika nchi yetu hii ya Kitui alipita mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Ndiye aliyeuona mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, akaupelekea ulimwengu wa Ulaya habari yake. Mwaka 1851 alirudi, akafuatana na Kivoi, mkuu mashuhuri wa Wakamba, katika safari ya kuelekea mto Tana. Njiani walishambuliwa. Kivoi aliuawa, watu wao wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Alikuwa na bunduki na darubini, vyombo vya thamani kubwa, lakini hakuwa na kibuyu. Alipoufikia mto alikunywa; na kwa kuwa hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, aliijaza mitutu ya bunduki yake na ala ya ngozi ya darubini, akaiziba mitutu kwa majani. Alinusurika baada ya taabu nyingi za njaa na kiu. Yafikiri hayo kwa makini. Bunduki yake ilikuwa imejifunza kazi ya pili, lakini ilikuwa kibuyu kibovu, na muda wote ilipokuwa kibuyu haikuweza kuwa bunduki. Kibuyu kimoja cha mwanakijiji kingalimfaa kuliko mali yote aliyokuwa nayo.

Miaka mingi baadaye, Aprili mwaka 1909, alishuka katika kituo cha reli cha Kapiti, Ukambani, mwindaji wa namna nyingine kabisa. Huyo alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia. Alikuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili. Palikuwa na mahema, masanduku, tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe visiharibike njiani. Je, Roosevelt alisafiri na mzigo mwepesi? Ukimtazama yeye juu ya farasi wake utasema ndiyo. Ukiutazama mstari wa wapagazi utasema la. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna usufi mwepesi kama ule ulio kichwani mwa mtu ambaye jina lake hulijui.

Usidhani kuwa mambo hayo yamekwisha. Leo yako mahema ya nailoni ambayo mtu huyabeba kwa mkono mmoja, na sufuria zilizo nyepesi mno. Lakini juu ya Kilimanjaro mgeni bado hupanda na mkoba mdogo mgongoni, na vilivyosalia huvikuta kambini, vimefika kabla yake kichwani mwa mpagazi. Ndiyo maana ilipasa kuwekwa kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi mmoja. Tena liko jambo moja ambalo viwanda vyote vya dunia havijaliweza. Lita moja ya maji ilikuwa kilo moja zama za babu, nayo ni kilo moja hata leo.

Hayo huwaonyesha wanafunzi kwa macho katika milima ya Chyulu, huku Makueni. Milima hiyo ilitokana na volkeno. Mvua hunyesha juu yake, lakini hakuna mto ushukao. Maji yote huzama katika mawe ya volkeno yenye matundu, yakasafiri chini ya ardhi, yakatokea mbali katika chemchemi, na iliyo kubwa kuliko zote ni Mzima. Basi apandaye Chyulu hukanyaga maji ambayo hawezi kuyanywa, na imempasa kupanda na yake. Kabla ya kuanza safari humwambia kila kijana amwage mkoba wake juu ya majani, nami huuliza maswali aliyoniuliza babu. Vipo vitu vingi vya kuchekesha hutoka humo. Lakini chupa za maji huzihesabu mwenyewe, na mchana huanza kunywa ya yule aliye mdogo au mdhaifu kuliko wote.

Sina budi kusema neno juu ya uwindaji wenyewe, usije ukafikiri kwamba nakuhimiza kutwaa upinde. Sheria ya wanyama ilikuwapo tangu ukoloni, ikidai leseni ambayo mwanakijiji aghalabu hakuwa nayo, na wazee wengi wa Ukambani waliingia gerezani kwa sababu hiyo. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori, na marufuku hiyo ingali ipo. Naiona kuwa ya haki, kwa maana watu wamekuwa wengi, na wanyama wamekuwa wachache. Podo la babu sasa limetundikwa ukutani kwangu, tupu. Lakini elimu iliyokuwa ndani yake haikupigwa marufuku, nayo haihitaji upinde.

Utakapoondoka shuleni utachagua mengi ya kubeba na mengi ya kuacha. Utaambiwa ujipunguzie, na mara nyingi shauri hilo litakuwa jema. Acha kandili. Acha kitabu ulichokibeba ili uonekane. Lakini kabla hujakitua kitu, simama uulize: nikikiacha hiki, je, uzito wake utabaki hapa chini ya mgunga, au utapanda mlima mgongoni mwa mwingine? Yuko ndugu aachaye kuchangia karo ya mdogo wake akajiona amepata nafuu, na nafuu hiyo ikamwinamisha mama yao shambani. Yuko pia mwanafunzi aachaye zamu yake ya kuteka maji, na hesabu ya madebe haipungui hata moja. Kisichobebwa na mmoja, kama ni cha lazima, hubebwa.

Agosti ya mwaka uliofuata nilirudi Mutitu. Babu alikuwa amepona, lakini hakunialika mlimani. Nilimwomba mimi mwenyewe, nikangoja siku tatu apate kunijibu. Siku ya nne, kabla ya mapambazuko, alinitwika vibuyu viwili, chake na changu, vimejaa mpaka shingoni, na yeye akachukua vitu vingine vyote. Sikumwuliza vina kazi ngapi. Adhuhuri tulipumzika chini ya mti ule ule alioketi mwaka uliopita. Nikafungua kibuyu, nikampa yeye kwanza. Akanywa mafunda matatu marefu, akapangusa midomo, akaniuliza kama mzigo ni mzito.

"Si mzito, babu," nikamjibu.

Akalitazama bega langu, jinsi lilivyochubuka, akacheka. Alijua kwamba nasema uwongo, na uwongo ule alinisamehe papo hapo.